Bunduki ya Marehemu Haigawiwi Kama Shamba

Sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti ya Kibondo na Kasulu huitwa mara kwa mara kukaa na familia baada ya maziko, kuwasaidia kuorodhesha alichokiacha marehemu kabla ya kwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi. Tunaandika shamba la migomba, mibuni, ng'ombe, mabati yaliyonunuliwa na hayajaezekwa, pikipiki, deni la dukani, mahari ya mjane ambayo haikumalizika kulipwa. Huandikwa hata jembe na sufuria. Kitu kimoja aghalabu hakiandikwi, ingawa kila aliyeketi mkekani anajua kuwa kipo, na kitu hicho ni bunduki ya mzee.

Iko darini, au imeviringishwa ndani ya gunia nyuma ya ghala la mahindi, au imesimamishwa pembeni ya kabati chumbani kwa mjane. Mara nyingi ni gobore, lile linaloshindiliwa baruti na vipande vya chuma kupitia mdomo wa mtutu, ambalo mzee alikimbizia ngedere, nyani na nguruwe pori waliokuwa wakimaliza muhogo na mahindi yake. Mara nyingine ni bunduki ya upepo, ya springi, inayorusha kijirisasi kidogo mfano wa punje ya choroko, ambayo mzee aliinunua au alipewa enzi za ujana wake na watoto wote wa nyumba ile wakajifunzia kupigia njiwa. Familia haioni kuwa ina silaha, bali inaona kuwa ina kumbukumbu ya baba. Hapo ndipo hatari inapoanzia, na ndiyo sababu tumeona tuandike makala hii katika ukurasa wa familia badala ya kuwaachia wanaoandika habari za mahakamani.

Bunduki hizi kuukuu hazikuota nyanda hizi zenyewe. Njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Ujiji ilipita katika nchi ya Waha, na msafara uliokatiza Buha ulilipa hongo kwa watawala wake. Stanley aliyepita mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone aliilalamikia sana hongo hiyo. Pamoja na vitambaa na shanga, bunduki na baruti zilikuwa sehemu ya biashara ya njia ile. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kuweka mkataba uliozuia kuingizwa kwa silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Lakini mkataba ule ule uliacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Ndiyo kusema kwamba babu zetu walizuiliwa bunduki nzuri na kuruhusiwa mbovu, na mbovu hizo ndizo mafundi wahunzi walizozichunguza, wakazitengeneza zilipoharibika, na hatimaye wakaweza kuunda za kwao. Kisha Wabelgiji wakaishika Kigoma mwaka 1916 wakipigana na Wajerumani, wakakaa hadi 1921 walipowakabidhi Waingereza. Kila utawala uliopita ulikuwa na sheria yake ya silaha, na kila ulipoondoka uliacha bunduki nyuma yake.

Kwa hiyo mtu anapotuambia kwamba gobore la nyumbani kwao lina umri kuliko Tanganyika huru, hatumbishii. Tunalomwambia ni kwamba umri huo si leseni. Maadamu chombo kinaweza kufyatua, na pengine hata kama kinahitaji kutengenezwa kidogo ndipo kifyatue, sheria haitaulizia kilizaliwa lini.

Sheria inayotumika Tanzania Bara ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Msingi wake ni mwepesi kuueleza: hakuna mtu anayeruhusiwa kuwa na silaha bila leseni, na leseni hupewa mtu aliyetajwa kwa jina, kwa silaha iliyotajwa kwa namba. Hupimwa akili yake, mwenendo wake, sababu yake ya kuihitaji na mahali atakapoihifadhi. Maombi huanzia kijijini kwa viongozi wanaomjua mwombaji, hupitia kata, huenda kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya na kamati ya usalama ya wilaya, hupanda mkoani, ndipo yafike kwa wanaosajili. Mnyororo huo mrefu una maana yake. Jirani anayemjua mwombaji kuwa mlevi au mgomvi ana nafasi ya kusema mapema, kabla bunduki haijaingia mtaani.

Kwa kuwa leseni ni ya mtu, mtu akifa leseni nayo inakufa. Haihami kwenda kwa mkewe, wala kwa kifungua mimba wake, wala kwa msimamizi wa mirathi. Kilichobaki nyumbani kinakuwa silaha isiyo na mwenye leseni, na aliyekaa nayo, kwa macho ya sheria, ndiye mmiliki asiye na kibali. Hali ni hiyo hata kwa familia ambayo mzee wao alikuwa mtu safi, aliyesajili bunduki yake na kuilipia, akaipeleka pia katika uhakiki wa silaha wa nchi nzima wa mwaka 2016, ule ambao hata silaha za Rais wa wakati huo, hayati Dkt. John Magufuli, zilihakikiwa. Usafi wa mzee haurithiwi. Je, itakuwaje kwa familia ambayo mzee wao hakuwahi kuisajili kabisa?

Hapa tunaomba msomaji asome taratibu. Kukutwa na silaha bila leseni hakuchukuliwi kama kosa dogo la kutozwa faini na kurudi nyumbani. Kosa hilo liliingizwa katika orodha ya makosa ya uhujumu uchumi, na kwa marekebisho ya mwaka 2016 anayetiwa hatiani chini ya sheria hiyo ya uhujumu uchumi hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 20, kinachoweza kufika miaka 30. Si wote waliofikishwa mahakamani kwa kosa hilo walikuwa majambazi wenye bunduki za kivita zinazomimina risasi. Wamo waliokutwa na gobore moja. Kijana wa miaka 25 akiingia gerezani kwa sababu ya kilichoachwa darini na babu yake, atatoka akiwa na mvi, na watoto aliowaacha wakitambaa watakuwa wameoa na kuolewa.

Mjane aliye edani

Yupo mtu mmoja katika nyumba ya msiba ambaye hatari hii inamwangukia kuliko wote, na ndiye anayefikiriwa mwisho. Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na hukaa ndani ya nyumba ile ile aliyokuwa akiishi na mumewe. Wanaume wamerudi kwenye shughuli zao, wana wakubwa wako Kigoma mjini au Kahama, na yeye amebaki na kila kilichomo ndani, bunduki ikiwemo. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo hupewa miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na hesabu zake. Tazameni namna vipindi hivi viwili vinavyokwenda sambamba: kwa muda ule ule ambao msimamizi anahangaika na fomu, mama aliyetakiwa kutulia ndiye aliyeachiwa ulinzi wa silaha isiyo na leseni, bila mtu yeyote kumwambia.

Tulikaa na familia ya namna hiyo katika kijiji kimoja cha Kasulu, ambacho hatuna haja ya kukitaja. Siku ya tatu baada ya maziko tulipouliza kama kuna kitu kingine cha kuandika, ukapita ukimya, kisha mama mwenyewe akasema kutoka nyuma ya pazia kwamba kuna bunduki ya mzee na kwamba yeye halali. Mwana mkubwa akadai kuwa ni yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilala shambani na baba yake wakati wa mahindi. Mdogo wake akasema liuzwe, yuko mtu ng'ambo ya bonde anayelitaka na fedha anazo. Baba mdogo akapendekeza lizikwe kimya kimya usiku, ibaki siri ya ukoo.

Tuliyakataa yote matatu. Kumpa mkubwa bila leseni ni kumpa kesi. Kumuuzia mtu wa ng'ambo ya bonde ni kosa kwa muuzaji na mnunuzi, na wanazuoni wetu tangu zamani wametahadharisha juu ya kuuza silaha mahali penye fitina, seuze kumuuzia mtu ambaye hata matumizi yake huyajui. Ama kuzika, bunduki iliyozikwa si bunduki iliyoondoka. Mvua huifukua, jembe hulifikia gunia, au mtu mmoja kati ya walioshuhudia hukosana na mwenzake na siri ikatoka kwa hasira. Tukamwita mwenyekiti wa kijiji asubuhi ile, naye akawapigia simu polisi, wakaja wakalichukua. Lilikutwa bado limeshindiliwa. Tangu mzee aanze kuugua, watoto wadogo walikuwa wakicheza chumba kile.

Jambo hilo la mwisho tunataka lisipite haraka. Gobore kwa umbile lake halioneshi kama lina kitu ndani. Haliwezi kufunguliwa nyuma likachunguliwa. Mzee alilishindilia kwa ajili ya nguruwe ambaye hakuja, akalirudisha pembeni, akasahau. Baruti kavu hukaa miaka. Anayelitikisa, anayechungulia mdomoni, anayevuta kifyatulio aone kama bado kinafanya kazi, anacheza na kitu kilichotegwa na marehemu.

Katika faraidhi inakaaje?

Tumeulizwa swali hili mara nyingi, nasi tulijibu kwa kadiri ya tulivyofundishwa chuoni na tulivyowauliza masheikh wetu. Silaha halali ni mali. Ikiwa marehemu aliimiliki kwa leseni, thamani yake imo ndani ya tirka, na mafungu yaliyowekwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, yanaigusa kama yanavyoligusa shamba: mjane mwenye watoto ana thumni yake, na mwana wa kiume ana fungu la wana wa kike wawili. Lakini kinachogawiwa ni thamani, si chombo. Ikiwa mmoja wa warithi anakubalika kisheria na ameomba leseni kwa jina lake akapewa, anaweza kuichukua silaha hiyo ikahesabiwa katika fungu lake, akawafidia wenziwe kilichozidi. Ikiwa hakuna anayeomba, au aliyeomba amekataliwa, njia zilizobaki ni zile zinazoruhusiwa na polisi, iwe kumkabidhi mwingine mwenye kibali au kuisalimisha.

Zipo koo ambazo mkuki wa baba, au upinde wake, hukabidhiwa mwana aliyechukua nafasi yake, na bunduki ikaingizwa katika mlango huo huo. Hatuna ugomvi na mkuki. Lakini desturi hiyo haiondoi haki ya mabinti katika thamani ya mali ya baba yao, wala haiwezi kuzaa leseni. Tumeona wana wa kiume wakiing'ang'ania bunduki huku wakiliachia shamba lipotee kwa madalali, na tukashangaa ni kipi hasa wanachokirithi.

Ikiwa silaha haikuwahi kusajiliwa, basi hakuna cha kugawana. Haina soko halali, na kitu kisicho na soko halali hakitiwi bei katika orodha. Kuisalimisha si kuwapunja warithi chochote. Baadhi ya watu hutuambia kwamba kutoa kitu cha marehemu bila malipo ni kudhulumu mayatima. Sisi tunaona kinyume chake: dhuluma ni kuwaachia mayatima kitu ambacho kitamfunga mlezi wao.

Na ile ya upepo?

Wengi huona aibu kuitaja bunduki ya upepo mbele ya neno silaha. Haina baruti, hailii kwa kishindo, na katika maduka ya zamani ilitazamwa kama chombo cha michezo. Hata hivyo tafsiri ya silaha katika sheria za nchi zilizotokana na mapokeo ya Kiingereza, yetu ikiwa mojawapo, haikusimama kwenye baruti. Inatazama mtutu, kitu kinachorushwa, na uwezo wa kitu hicho kudhuru. Mwenye bunduki ya upepo iliyoachwa na baba yake asijihukumie mwenyewe kwamba ni toi. Atoe taarifa kituoni, iangaliwe na wenye ujuzi, na akielekezwa kuombea leseni au kuikabidhi, afuate na abaki na karatasi.

Uzoefu wa wenzetu unaonesha kwamba jambo hili si dogo. Uskoti, ambako bunduki za upepo zilikuwa zikiuzwa na kurithishwa bila cheti maadamu hazikuzidi kiwango fulani cha nguvu, mtoto wa miaka 2 aliuawa mjini Glasgow mwaka 2005 kwa kijirisasi cha bunduki ya aina hiyo. Mjadala ulichukua miaka. Mwaka 2015 Bunge lao lilipitisha sheria ya leseni, na kuanzia tarehe 31 Desemba 2016 ikawa ni kosa kuwa na bunduki ya upepo bila cheti, isipokuwa zile dhaifu mno. Kabla ya siku hiyo kufika, polisi walitoa wiki tatu za kusalimisha bila malipo wala mashtaka, na watu wakaleta zaidi ya 11,000. Nyingi katika nyumba zile bila shaka zilikuwa zimelala darini kama zetu.

Sisi Waislamu tulikuwa na sababu ya kulijua hili kabla ya bunge lolote. Katika hadithi iliyopokewa na Abdullah bin Mughaffal, Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mchezo wa kurusha vijiwe kwa vidole, akaeleza kuwa hauwindi windo wala haumuumizi adui, bali huvunja jino na kupofua jicho. Yeyote aliyewahi kuona watoto wakishindana kwa bunduki ya upepo nyuma ya nyumba atatambua ni jicho la nani linalozungumziwa. Amekataza vilevile mtu kumwelekezea ndugu yake silaha hata kwa mzaha, na akaamrisha mwenye mishale apitapo msikitini au sokoni ashike ncha zake asije akamjeruhi mtu.

Tuna nyongeza ndogo hapa, nje kidogo ya mada, kwa wale wanaotuuliza kuhusu njiwa. Jina bunduki lenyewe limetokana na neno la Kiarabu la punje au gololi, na mafakihi wa zamani walilijadili hata kabla baruti haijafika kwao, wakikusudia gololi za udongo zilizorushwa kwa upinde. Ndege aliyekufa kwa kupigwa na gololi hiyo bila kutobolewa walimhesabu katika wanyama waliouawa kwa kipigo, ambao Surat Al-Maida aya ya 3 imewaharamisha. Ilipokuja risasi ya baruti wanazuoni walitofautiana, na wapo walioihalalisha kwa kuwa inatoboa na kupenya, miongoni mwao Imam Shawkani wa Yemen. Kijirisasi cha bunduki kuukuu ya upepo, ambayo springi yake imechoka, mara nyingi hupiga tu na kuangusha. Basi mwenye kibali na akawinda kwa chombo hicho amuwahi ndege akiwa hai amchinje, au amwache.

Kwa nini watu wanaficha

Ingekuwa rahisi kuwalaumu wanaoficha, lakini tunaishi nao na tunajua wanachokiogopa. Wilaya zetu ziko mpakani. Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu tangu mwaka 1996, Nduta ya Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipoingia kwa wingi, na kwa miaka mingi barabara za misitu ya huku zilisifika kwa utekaji wa magari. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, ikiwasaka wahamiaji wasio na vibali pamoja na silaha haramu. Kabla vumbi halijatua, mwezi Oktoba mwaka huo huo ikaanza Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili, na sisi tunapakana na pori la akiba la Moyowosi. Tokomeza ilisitishwa baada ya malalamiko ya mateso na uharibifu wa mali kufika bungeni, na Desemba 20, 2013 mawaziri wanne wakaachia nafasi zao. Wazee wa vijijini hawakusahau. Mtu aliyeona jirani yake akipigwa kwa kuulizwa bunduki iliko, haendi kwa hiari kesho yake kusema ninayo.

Hata hivyo hali haikubaki pale. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 juu ya silaha ndogondogo katika Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, na Umoja wa Afrika umeufanya mwezi Septemba wa kila mwaka, hadi 2030, kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Serikali yetu imetangaza misamaha ya namna hiyo katika miaka ya karibuni, na katika muda huo silaha imeruhusiwa kupelekwa kituo cha polisi au ofisi za serikali za mitaa na watendaji, bila anayeileta kushtakiwa kwa kuwa nayo.

Tunaishukuru hatua hiyo, na tunaona ina upungufu mmoja. Msamaha una tarehe, na mauti hayana. Mzee akifariki mwezi Februari, familia itakaa na bunduki hadi Septemba ikisubiri tangazo? Tunashauri kwamba kwa warithi mlango uwe wazi mwaka mzima, uandikwe kwa lugha inayoeleweka na ubandikwe katika kila ofisi ya kijiji: kwamba msimamizi wa mirathi, au mjane, anayetoa taarifa ya silaha ya marehemu ndani ya muda maalumu baada ya kifo, hatahojiwa kama mhalifu hata kama silaha haikuwa na usajili. Bila ya hilo mwoga ataendelea kuzika gunia. Tunaomba pia gharama na safari za mwombaji leseni zitazamwe, maana mkulima wa kijiji cha mbali anayelindia mazao yake akiona njia halali imemshinda, njia ya mhunzi iko karibu.

Mpaka hayo yatakapofanyika, haya ndiyo tunayowaelekeza wanaotujia. Bunduki isiguswe wala isijaribiwe. Chumba kifungwe na watoto waondolewe. Mmoja wa familia, mtu mzima, aende kwa mwenyekiti wa kijiji akiwa na shahidi, na kwa pamoja watoe taarifa polisi ili waje kuichukua au waelekeze namna ya kuipeleka. Mtu asiipakie kwenye bodaboda akakatiza nayo mjini, kwani akikutwa njiani nia yake njema haitaonekana usoni. Risasi, baruti na fataki zilizosalia zitajwe pia, maana hizo nazo zina sheria yake. Kitabu cha leseni cha marehemu, kama kipo, kitafutwe ndani ya nyaraka zake. Silaha ikipokewa, idaiwe hati ya mapokezi yenye tarehe, jina la aliyepokea na maelezo ya silaha, na nakala yake iwekwe pamoja na fomu za mirathi. Mrithi anayeitaka silaha aanze maombi yake ikiwa mikononi mwa polisi, asiyaanze ikiwa uvunguni mwake.

Na isiletwe msikitini. Tumeshaombwa, zaidi ya mara moja, tuihifadhi stoo pamoja na mikeka na jeneza mpaka mambo yatulie, kwa hoja kwamba nyumba ya Allah haipekuliwi. Imamu hana leseni ya kutunza bunduki ya mtu, wala kamati haina, na wanaoswali pale wana haki ya kutokuwa karibu na gobore lililoshindiliwa.

Katika kamati yetu tumeongeza mstari mmoja kwenye karatasi tunayoitumia kuorodhesha mali za marehemu. Unakuja baada ya madeni na kabla ya mifugo, nao unauliza: je, marehemu ameacha silaha ya aina yoyote, yenye leseni au isiyo na leseni? Swali husomwa kwa sauti mbele ya wote, katika kikao cha kwanza kabisa. Wazee walio hai tumewaomba walijibu wenyewe katika wasia wao, wakitaja iko wapi, kama imeshindiliwa, na karatasi zake ziko kwa nani.